Mfuniko wa Rejeta na Joto la Injini

Mwanafunzi wa Kizota anayechemsha maji katika maabara ya shule na kutumbukiza kipimajoto ndani yake huona kipimo kikipanda mpaka karibu nyuzi 96 za Sentigredi, kisha kikasimama hapo. Hata akiongeza moto, hakipandi tena. Kitabu chake kinasema kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Kipimajoto hakina kosa, wala kitabu hakikukosea. Kiwango cha nyuzi 100 ni cha usawa wa bahari, na Dodoma iko juu ya usawa huo kwa mita zipatazo 1,120. Hewa ya nyanda za kati ni nyepesi kuliko ile ya pwani, hukandamiza uso wa maji kwa nguvu ndogo zaidi, na kwa hiyo maji hupata nafasi ya kuchemka mapema. Kwa makadirio yanayofaa darasani, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja katika kila mita 300 za kupanda.

Nje ya shule hiyo, katika barabara iendayo Singida, malori na mabasi hupita mchana na usiku. Geji za joto katika dashibodi za magari hayo, yakiwa mazima, huonyesha kwamba maji yanayozunguka ndani ya injini yana joto la nyuzi 85 hadi 105. Hicho ndicho kiwango ambacho watengenezaji wengi wa magari ya siku hizi hukihesabu kuwa cha kawaida. Basi injini isiyo na hitilafu yoyote huweza kufanya kazi ikiwa na maji yenye joto kupita lile ambalo kwalo maji ya sufuria, hatua chache kutoka barabarani, yanachemka na kutoa mvuke. Hata hivyo maji ya injini hayachemki. Kinachoyazuia ni mfuniko wa rejeta, kifaa kidogo ambacho madereva wengi hukidhani kuwa kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. Kwa kutokuelewa kazi ya mfuniko huo, injini nyingi zimeharibika, na watu wengi wameunguzwa uso na mikono.

Ili kuielewa kazi hiyo, yafaa kwanza kujua joto lenyewe linatoka wapi na ni kiasi gani. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na mafuta unapoungua, halijoto ya gesi hupita nyuzi 2,000 kwa kitambo kidogo sana. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, na chuma cha kusubu kwa nyuzi 1,200 hivi. Silinda haziyeyuki kwa sababu moto huo ni wa vipindi, na kwa sababu upande wa pili wa kuta zake kuna maji yanayoondoa joto bila kukoma. Lakini hatari ya kwanza haiko katika kuyeyuka kwa chuma. Iko katika oili. Utando mwembamba wa oili unaotenganisha pistoni na silinda huharibika joto la ukuta likizidi nyuzi 200 hivi, na utando huo ukitoweka, chuma husagana na chuma mpaka injini ikakwama.

Kwa hesabu nyepesi, nishati iliyomo katika mafuta hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: moja huendesha gari, la pili hutoka na moshi, na la tatu huingia katika maji ya kupozea. Tuseme lori lililosheheni mahindi linapanda kilima huku injini yake ikitoa kilowati 100 za kazi. Maji yake hupokea kiasi kama hicho cha joto, yaani kilojuli 100 katika kila sekunde. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande kwa nyuzi moja. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba ndoo ya lita 20, iliyojazwa maji ya nyuzi 25, ingefikia nyuzi 96 na kuanza kuchemka kwa muda wa dakika moja tu. Hiyo ndiyo kasi ya joto ambalo rejeta hutakiwa kulitupa hewani, dakika baada ya dakika, kutoka Kizota hadi mwisho wa safari.

Je, si ingekuwa bora basi injini ipozwe mpaka ikawa baridi kabisa? La. Injini baridi hutumia mafuta mengi zaidi, kwa kuwa joto linalohitajika kusukuma pistoni huvutwa na kuta za silinda. Oili yake huwa nzito. Mvuke wa maji unaozaliwa katika kuungua kwa mafuta huganda kuwa matone juu ya kuta hizo, hukutana na asidi zitokanazo na moshi, na kuila silinda polepole. Zaidi ya hayo, rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya joto la maji na joto la hewa. Maji yakiwa ya nyuzi 90 na hewa ya Dodoma ikiwa ya nyuzi 32 mchana, tofauti ni 58. Usiku hewa ikishuka hadi nyuzi 18, tofauti huwa 72, na rejeta ile ile hufanya kazi zaidi kwa karibu robo. Wale madereva wa malori wanaopenda kuondoka jua likizama wana sababu ya kifizikia. Kwa kanuni hiyo hiyo, kadiri maji yanavyoruhusiwa kuwa ya moto ndivyo rejeta inavyoweza kuwa ndogo. Kwa hiyo mhandisi hutafuta kiwango cha joto kilicho juu iwezekanavyo bila kuharibu oili wala kuchemsha maji.

Njia ya maji ni mzunguko usio na mwisho. Pampu, ambayo katika magari mengi huendeshwa kwa mkanda unaozungushwa na injini, huyasukuma maji kwenye vijia vilivyozunguka silinda, kisha juu kwenye silinda hedi ambako joto ni kali zaidi. Kutoka hapo maji hupitia mpira wa juu na kuingia katika rejeta. Huko hugawanyika katika mirija mingi myembamba iliyoshikamana na mapezi ya aluminiamu, au ya shaba katika rejeta za zamani. Joto hupenya chuma cha mirija na mapezi, na upepo hulichukua. Jina la rejeta linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kununurisha joto, lakini jina hilo si sahihi sana, kwa sababu sehemu kubwa ya joto huondoka kwa kuchukuliwa na hewa inayopita, na sehemu ndogo tu ndiyo hununurishwa. Maji yakishapoa kwa nyuzi chache hurudi kwenye injini kupitia mpira wa chini. Tofauti kati ya mpira wa juu na wa chini aghalabu haizidi nyuzi 10. Katika lori la mfano wetu, ikiwa tofauti ni nyuzi 8, pampu haina budi kusukuma lita tatu hivi kwa kila sekunde. Mfumo wenye lita 30 za maji huyazungusha yote kwa sekunde kumi.

Kati ya injini na rejeta kuna mlango uitwao themostati. Ndani yake mna kopo dogo la shaba lililojazwa nta maalumu. Maji yakiwa baridi nta huwa ngumu, na springi huufunga mlango. Maji huzunguka ndani ya injini peke yake kwa njia ya mkato bila kupitia rejeta, na injini hupata joto upesi. Maji yakifikia nyuzi zilizowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida 82 au 88, nta huyeyuka, huvimba, husukuma kijiti, na mlango huanza kufunguka. Hufunguka wote joto likiongezeka kwa nyuzi nyingine kumi hivi. Hakuna waya wala umeme katika kifaa hiki, na uhodari wake ni kwamba hujirekebisha chenyewe: kilima kikija hufunguka zaidi, mteremko ukija hujifunga kidogo.

Katika gereji nyingi za Tanzania kifaa hiki huondolewa na kutupwa. Fundi huona gari linachemsha, huitoa themostati, na pengine gari huacha kuchemsha kwa muda. Dereva hufurahi. Lakini themostati iliyokwama huponywa kwa kuweka nyingine, na kama haikukwama, kuiondoa ni kuficha ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka. Yapo hata magari ambayo huzidi kuchemsha baada ya kuondolewa themostati. Watu hueleza jambo hili kwa kusema kwamba maji hupita rejetani upesi mno, hata hayapati nafasi ya kupoa. Maelezo hayo hayana msingi: maji yapitayo upesi hurudi upesi, na jumla ya joto linalotolewa haipungui. Sababu ya kweli ni kwamba katika injini hizo themostati ikifunguka yote huziba ile njia ya mkato. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta.

Magari ya kwanza hayakuwa na mpangilio huu. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipozwa kwa kuyaacha maji yachemke na mvuke wake uende hewani. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua kilojuli zipatazo 2,260, kwa hiyo njia hiyo ina nguvu, ila inakula maji. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliendesha gari la namna hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani, umbali wa kilometa 100 hivi, na ilimpasa kusimama mara nyingi njiani kutafuta maji. Lori letu la kilowati 100 lingepozwa hivyo lingevukiza karibu lita 160 kwa saa. Safari ya saa nne ya kwenda Singida ingehitaji zaidi ya lita 600, katika nchi ambayo mifugo na watu hugombea kisima kimoja. Mwaka 1901 Wilhelm Maybach aliipa gari la Mercedes rejeta yenye mirija midogo ya mraba zaidi ya 8,000, mfano wa sega la nyuki, ambayo upepo ulipita ndani yake huku maji yakiizunguka. Tangu hapo maji yale yale yaliweza kutumika tena na tena. Wengine waliyaacha maji kabisa: Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962, ilipozwa kwa upepo wa feni peke yake.

Sasa tuurudie mfuniko. Ndani yake mna vali iliyokandamizwa na springi. Maji yakipata moto huvimba. Lita kumi zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 95 huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja ya lita. Kwa kuwa hayana pa kwenda, kanieneo ndani ya mfumo huongezeka, yaani nguvu inayokandamiza kila sehemu ya eneo. Springi huivumilia nguvu hiyo mpaka kikomo kilichoandikwa juu ya mfuniko. Katika magari mengi madogo kikomo hicho ni kilopaskali 90 hivi juu ya kanieneo ya hewa. Katika malori mengi ya zamani kilikuwa karibu na 50. Kikomo kikipitwa, vali hufunguka na maji ya ziada huenda katika tangi la akiba. Injini ikipoa, vali ya pili iliyo katikati ya mfuniko hufunguka kwa upande wa ndani na maji hurudi.

Hapa ndipo uinuko wa Kizota unapoingia katika hesabu. Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Dodoma ni kama 89. Mfuniko wa kilopaskali 90 huifanya kanieneo yote ndani ya rejeta ifikie 179, na katika kanieneo hiyo maji huchemka kwa nyuzi 117 hivi. Mfuniko wa kilopaskali 50 huyafikisha nyuzi 109. Bila mfuniko, au kwa mfuniko ambao mpira wake umekatika, maji huchemka kwa nyuzi 96. Dereva aliyeziba rejeta kwa kitambaa na mfuko wa nailoni baada ya kupoteza mfuniko wake huweza kuendesha mjini Dar es Salaam siku nyingi bila kuona tatizo, maana pale ana nyuzi 100. Akipandisha gari hilo hilo nyanda za kati amekwisha pungukiwa na nyuzi nne, na Mbeya, penye mita 1,700 hivi, maji yake yatachemka karibu na nyuzi 94. Themostati ya nyuzi 88 haijafunguka hata yote.

Nguvu hiyo hiyo inayoyazuia maji yasichemke ndiyo inayomuunguza mtu afunguaye mfuniko kabla ya wakati. Tuchukue rejeta yenye lita kumi za maji ya nyuzi 110. Yametulia, wala hakuna povu. Mfuniko ukifunguliwa, kanieneo huanguka ghafula hadi ile ya hewa ya Kizota, na maji hujikuta yana nyuzi 14 zaidi ya kiwango cha kuchemka cha mahali hapo. Joto hilo la ziada, kilojuli 59 kwa kila kilo, hugeuka papo hapo kuwa joto fiche la mvuke. Sehemu 2.6 kwa mia ya maji hugeuka mvuke, yaani robo kilo. Inaonekana kidogo. Lakini robo kilo ya mvuke hujaza karibu lita 500, sawa na mapipa mawili na nusu ya mafuta, na nafasi ya kutokea ni shingo ya rejeta tu, isiyozidi upana wa vidole vitatu. Mvuke hutoka ukiwa umeyabeba maji yanayochemka, na aghalabu utingo aliyeinama kutazama ndiye anayepigwa usoni. Rejeta ya moto haifunguliwi. Husubiriwa mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono na kubonyezwa bila kusukuma vidole, na kungoja huko huchukua nusu saa au zaidi. Hata hapo mfuniko hufunikwa kwa kitambaa kinene, ukazungushwa mpaka kituo cha kwanza ili pumzi itoke, ndipo ukaondolewa.

Mazingira ya Kizota huitaabisha rejeta kwa njia nyingine pia. Hewa nyepesi hubeba joto dogo: feni inayovuta ujazo ule ule wa hewa hupata uzito pungufu kwa zaidi ya sehemu kumi kwa mia kuliko pwani. Malori yanayongoja zamu ya kushusha nafaka kwenye maghala ya Kizota husimama na injini zikinguruma, bila upepo wa mwendo, na kazi yote huachiwa feni. Feni inayozungushwa kwa mkanda huenda polepole wakati huo, kwa kuwa injini yenyewe inakwenda polepole. Feni ya umeme haitegemei mwendo wa injini, huwashwa na sensa maji yakikaribia nyuzi 100 na kuzimwa yakishuka. Tena upo upepo wa kiangazi uvumao kutoka mashariki. Lori linaloelekea magharibi kwa kilometa 30 kwa saa, huku upepo wa kilometa 20 ukilisukuma kwa nyuma, hupata upepo wa kilometa 10 tu mbele ya rejeta. Dereva huona gari limechemsha katika tambarare na hushangaa, ilhali jana lilipanda kilima likiutazama upepo na halikuchemsha. Vumbi na mbegu za nyasi zikiziba mapezi, taabu huwa kubwa zaidi. Huoshwa kwa maji yanayosukumwa kutoka upande wa injini kwenda nje, yaani kinyume cha njia zilimoingilia.

Kisha kuna maji yenyewe. Mji wa Dodoma umetegemea kwa miaka mingi visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, na maji ya ardhini katika nyanda za kati mara nyingi ni magumu na yenye chumvi. Kila mama anayechemsha chai huujua utando mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji magumu yana bikaboneti ya kalsi iliyoyeyuka. Yakipata moto, bikaboneti huvunjika kuwa kabonati ya kalsi, gesi ya kaboni dayoksaidi na maji. Kabonati ni chokaa isiyoyeyuka, nayo huganda palipo na moto zaidi, yaani kwenye silinda hedi, mahali ambapo joto linahitaji sana kupita. Chokaa hiyo hupitisha joto vibaya mno: tabaka la milimita moja huzuia joto kadiri ya chuma cha kusubu chenye unene wa sentimita tatu. Ukuta wa silinda huwa umevishwa blanketi, na geji inayopima maji haiwezi kulionyesha jambo hilo.

Dereva mwenye dumu la maji ya kisima, anayeongeza lita mbili kila siku kwa sababu rejeta inavuja, huingiza chokaa mpya kila siku. Mvuke huondoka, chumvi hubaki. Kuziba uvujaji ni rahisi kuliko kuzibua injini. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa uangalifu, au yale yaliyokenekwa yauzwayo kwa ajili ya betri, hayana chokaa. Mahali ambapo hayapatikani, maji ya kisima huchemshwa, huachwa yatulie mpaka chokaa ishuke chini, na hutumiwa yale ya juu. Chumvi ya kawaida haiondoki kwa njia hiyo, lakini sehemu kubwa ya chokaa huondoka.

Kulanti inayouzwa madukani, ya kijani, nyekundu au buluu, ni ethilini glikoli iliyochanganywa na dawa za kuzuia kutu. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako maji huganda na kupasua injini, jambo lisilotokea Dodoma. Ni kosa hata hivyo kudhani kwamba haina kazi hapa. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi sita au saba, na dawa zake huzuia kutu ambayo maji matupu huileta katika chuma na aluminiamu vilivyounganishwa pamoja. Haifai kuimimina bila maji, kwa kuwa hubeba joto dogo kuliko maji. Jambo moja halina budi kusisitizwa: ethilini glikoli ni sumu, na ladha yake ni tamu. Kiasi kidogo huharibu figo na huweza kumuua mtoto, mbwa au mbuzi. Gereji inayoimwaga mferejini mahali ambapo mifugo hunywa maji inatega sumu, wala kulanti haiwekwi katika chupa ya soda.

Injini ikizidi kupata moto, sehemu ya kwanza kuumia ni silinda hedi. Katika magari mengi hedi ni ya aluminiamu na bloku chini yake ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka kwa joto mara mbili kuliko chuma. Hedi iliyofungwa kwa bolti haina nafasi ya kutanuka, kwa hiyo hupinda, na gasketi iliyo kati yake na bloku huungua. Dalili zake hujulikana na kila fundi: moshi mweupe usiokoma, oili yenye rangi ya maziwa, na mapovu katika rejeta injini inapowashwa. Maji baridi yakimwagwa juu ya chuma kilicho katika hali hiyo, hukipasua. Afadhali kungoja, kisha kuongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo.

Geji nayo ina udanganyifu wake. Sensa yake hupima kitu kinachoigusa. Mpira ukipasuka na maji yote yakatoka, sensa hubaki katika hewa, na mshale huweza kushuka badala ya kupanda, wakati injini imo katika hatari kubwa kabisa. Mshale unaoshuka ghafula katika safari ya mchana si habari njema. Ni sababu ya kusimama na kuzima injini. Kinyume chake, mshale ukipanda polepole na maji yakiwa bado yamo, dereva huweza kupunguza mzigo kwa kuzima kiyoyozi na kufungulia hita ya ndani ya gari kwa nguvu zote. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Abiria hawatapenda, lakini nyuzi chache zinazopungua zaweza kulifikisha gari mahali pa kusimama kwa usalama.

Walimu wanaotaka kuonyesha uhusiano wa kanieneo na kuchemka hawahitaji rejeta. Bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano latosha. Maji huchemshwa kwanza kwa dakika chache ili hewa iliyoyeyuka ndani yake itoke, maana mapovu ya hewa hiyo huweza kuwadanganya watazamaji. Kisha huachwa yapoe hadi nyuzi 60. Mwanafunzi aliyevaa glavu huvuta mililita tano, huitoa hewa yote, huziba mdomo wa bomba kwa kidole na kulivuta pistoni kwa nguvu. Maji huchemka mbele ya macho yake, kwa nyuzi 60. Akiliachia pistoni lirudi, kuchemka hukoma papo hapo, ingawa joto la maji halijabadilika hata kidogo.